Vumbi la Makochi ya Martina

Kwa siku tisini na moja Martina Kobelo aliandika kila kilichoingia kinywani mwake. Aliandika kwenye daftari la kurasa mia, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto: uji wa ulezi kikombe kimoja, bila sukari; ugali kiasi cha ngumi, mchicha, dagaa; parachichi nusu; maji. Siku ya harusi ya mpwa wake aliandika hata mafunda mawili ya soda aliyoonja na kumrudishia mwenye chupa. Siku ya tisini na mbili alilipeleka daftari zahanati, akavua viatu, akapanda mzani. Alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Sasa alikuwa kilo mia na nne.

Tabibu alikuwa kijana mstaarabu tu. Alifunua kurasa mbili, akalifunga daftari.

"Mama, mara nyingi watu hawaandiki vyote."

"Mimi nimeandika vyote."

"Hata vya kuonja jikoni? Vya kudokoadokoa?"

Martina alihisi uso unawaka. Alitaka kumwambia asome ukurasa wa arobaini, ambapo alikuwa ameandika punje sita za karanga. Punje sita, kazihesabu. Lakini nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na tabibu alikwisha kumsogezea karatasi iliyochapwa: punguza wanga, punguza mafuta, fanya mazoezi dakika thelathini. Ilikuwa ya tatu ya aina hiyo. Zile mbili za mwanzo alikuwa amezibandika ukutani mwa karakana.

Karakana yake ipo Mwembesongo, chini ya bati, ukuta wa matofali upande mmoja na maturubai pande mbili. Hapo hutengenezwa makochi: mapya yakiagizwa, na ya zamani yakichakaa. Martina alizaliwa Mkuyuni, kwenye migomba, na alishuka mjini akiwa na miaka ishirini na mitatu kumshonea vitambaa vya makochi fundi mmoja aitwaye Mzee Abdi. Alipogundua kuwa binti yule anaweza pia kuranda mbao na kukaza springi, Mzee Abdi alimfundisha kazi yote. Macho yalipomshinda alirudi kwao Gairo, karakana akamwachia Martina. Tangu aanze kazi ile sasa ni miaka ishirini na tatu.

Ukitazama picha yake ya harusi utaona msichana aliyevaa gauni lililopunguzwa kiunoni kwa pini. Kwao hakuna mnene. Mama yake, aliyekwisha kupita sabini, bado anapandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Dada zake watatu ni wembamba kama yeye alivyokuwa. Mume wake, Godlisten, mwalimu wa hesabu wa sekondari, anakula chungu kimoja naye, anaongeza ugali mara mbili, na mkanda wake una matundu matatu ya kutoboa kwa msumari. Martina alianza kunenepa miaka mitano hivi baada ya kuingia karakana, pole pole, kilo mbili huku, kilo tatu kule, bila kurudi nyuma.

Watu walikuwa na maelezo yao. Wauza mboga wa Soko la Kingalu walimwita tajiri. Wateja walimwambia, "Fundi, kochi likikubeba wewe, sisi hatuna wasiwasi." Alicheka nao. Wakishaondoka, alipigilia pini kwa nguvu hadi zikazama kwenye mbao. Alikuwa ameacha chai ya maziwa, ameacha chapati, ameacha pombe, ingawa hata hivyo hakuwa mnywaji. Alfajiri alitembea hadi Bigwa na kurudi, milima ikiwa bado imejifunika wingu, na bodaboda wakimpigia honi za kumtania.

"Labda ni damu tu, mama Glory," Godlisten alimwambia siku aliyorudi na ile karatasi ya tatu. Glory ni binti yao, anayesoma Dodoma.

"Damu ya nani? Nitajie mtu mmoja kwetu."



Mwezi wa saba mwaka huohuo alifika karakana mwanamke mmoja aliyevaa suruali na koti jeupe alilolikunja mkononi, akiwa na mashine ndogo ya kunyonya vumbi.

"Shikamoo, mama. Naitwa Jesca. Nafundisha hapa chuo kikuu. Nimekuja kuomba vumbi."

Martina aliweka mkasi chini. "Umesema vumbi?"

"Vumbi, mama. La sakafuni, na lile la juu ya mbao, lisiloguswa siku nyingi."

Dokta Jesca alikuwa anakusanya vumbi kutoka sehemu arobaini za mji: ofisi, nyumba za kupanga, gereji, na karakana za makochi. Martina alimpa. Alimpa na kiti. Pendo, mshonaji wake, aliangua kicheko akasema vumbi lao sasa limepata soko. Dokta alifuta viganja vya Martina na Pendo kwa kitambaa chenye spiriti, akavifunga vile vitambaa kwenye karatasi ya aluminiamu, kisha akauliza maswali mengi. Sponji mnayotumia inatoka wapi? Mnaikata kwa kifaa gani? Mnakula hapahapa?

Majibu yalikuwa rahisi. Sponji mpya ya bei ya wastani hubonyea ndani ya mwaka, na wateja hulalamika. Iliyo nzuri, ngumu, inayorudi ukiibonyeza, hutoka kwenye mitumba: viti vya ofisi vya ng'ambo, viti vya magari, makochi yaliyokwisha kukaliwa na Wazungu. Karakana hununua viti hivyo, huvivua nguo, na sponji yake hutumika tena. Iliyozeeka sana huchanwachanwa kwa mikono ikawa ya kujazia mito. Kazi hiyo ya kuchana ndiyo yenye vumbi. Ikifika saa sita nyusi zako zimekuwa za njano, na ukipenga kamasi nayo ya njano. Ndiyo, hula hapohapo. Wakale wapi kwingine?

Kisha Dokta Jesca aliinamisha kiti kimoja cha ofisi akaisoma lebo nyeupe iliyoshonwa chini yake. Aliisoma muda mrefu.

"Hii inasema kiti kimetimiza masharti ya kuzuia moto," alisema.

"Naijua," Martina akajibu kwa fahari kidogo. "Hizo huwa sizitoi. Namwonyesha mteja ajue sponji ni ya ukweli."

Dokta alitoa simu yake. Alipiga picha lebo ile.

Miezi kumi ilipita. Vumbi lilipelekwa kupimwa nje ya nchi, majibu yakachelewa, mashine ya kutunzia seli pale chuoni ikaharibika kwa kukatika umeme, kazi ikaanza upya. Martina hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba alikuwa ameongezeka kilo mbili nyingine, na magoti yameanza kumsema akishuka ngazi. Alikwisha kumsahau yule mwanamke wa vumbi pale simu yake ilipoita.

"Mama, njoo maabara uone. Ni vumbi lako."

Alikwenda na viatu vya kanisani. Dokta Jesca alimkalisha mbele ya darubini, akamwonyesha namna ya kuweka jicho. Mwanzoni Martina aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona vitu kama majani membamba yaliyolala ubavu kwa ubavu, meupe, yametulia.

"Hizo ni seli changa," Dokta alisema. "Seli ni zile chembe ndogo zinazojenga mwili. Hizi bado hazijawa kitu kamili. Zikipata amri fulani zinakuwa seli za mafuta, zile zinazotunza unene. Hazijapewa kitu, zimekaa tu. Sasa tazama sahani hii nyingine. Hizi tumezipa kilichotoka kwenye vumbi la karakana yako, kidogo sana, kwa siku kumi."

Martina alitazama. Majani membamba hayakuwapo. Palijaa mapovu mekundu, ya duara, yamebanana kama punje za mtama.

"Huo wekundu ni nini?"

"Ni rangi tunayotia, inashika mafuta tu. Kila tone jekundu ni mafuta. Zimenona, mama."

Martina aliondoa jicho, akalirudisha. Dokta Jesca alieleza, na alieleza vizuri kwa sababu ni mwalimu. Viwanda vya ng'ambo, kwa miaka mingi, viliweka dawa kwenye sponji ili isishike moto upesi. Dawa hizo hazigandi humo milele. Sponji ikizeeka na kusagika zinatoka na vumbi, zinakaa mikononi, zinamezwa na chakula, zinavutwa na pumzi. Ndani ya seli changa kuna kitu kama swichi, kinachowashwa na mwili wenyewe unapotaka kutengeneza seli za mafuta. Baadhi ya dawa zile zinaonekana kuiwasha swichi hiyo bila mwili kutaka. Katika sehemu zote arobaini, vumbi la karakana za makochi ndilo lililokuwa nazo nyingi zaidi, na la Martina lilikuwa la pili.

Martina aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. Halafu akasema, taratibu, "Kwa hiyo sikudanganya kwenye daftari."

"Daftari gani, mama?"

Alimweleza. Kilo, karatasi tatu, punje sita za karanga. Alipomaliza machozi yalikuwa karibu, na yalikuwa ya nafuu. Aliomba jambo moja tu: "Niandikie. Niandikie barua niipeleke kwa tabibu, kwamba ni hii dawa iliyoninenepesha."

Dokta Jesca alishusha pumzi. "Siwezi, mama."

"Kwa nini? Si umenionyesha?"

"Nimekuonyesha seli kwenye sahani. Tena ni seli za panya. Zilivyofanya hapa sio lazima ndivyo zinavyofanya ndani ya mtu mzima. Unene una mambo mengi. Inawezekana vumbi limechangia. Inawezekana sana. Ila kusema ndilo lililokunenepesha wewe, Martina, hakuna mtu duniani anayeweza kusema hivyo leo."

"Sasa ulikuja kunichukulia vumbi la nini?"

Aliuliza kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mwanafunzi aliyekuwa akiosha chupa pembeni aligeuka. Dokta Jesca hakukasirika, na hilo nalo lilimuudhi Martina, kwa sababu alitaka mtu wa kugombana naye.

"Tabibu ananiambia ni mdomo wangu, na hajui," aliendelea. "Wewe unaniambia huenda si mdomo wangu, na wewe hujui. Mimi niende wapi?"

"Nawa mikono," Dokta alisema. "Kabla ya kula, kila mara, kwa sabuni. Sakafu msifagie kavu, mdeki kwa maji. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Na kule kuchana sponji kuukuu, mama, ukiweza, acha."

Martina alikwisha kusimama. Mlangoni akakumbuka kitu, akageuka. "Na mwenye mimba je?"

"Panya waliopata dawa hizi mama zao wakiwa na mimba ndio waliotutia wasiwasi zaidi. Wengine walikua wakanenepa kupita wenzao. Kwa watu bado tunatafuta. Nani ana mimba?"

"Pendo. Miezi mitano."

Kesho yake Martina alimsubiri Pendo mlangoni. Hakuwa ameandaa maneno, akayatoa yote kwa pamoja: sponji usiguse tena, usichane, usikae humu, kuna dawa, mtoto. Pendo alisikia jambo moja tu.

"Unanifukuza kazi, dada Martina? Nikiwa na tumbo?"

"Sikufukuzi. Nakulinda."

"Nimechana sponji miaka sita. Leo ndiyo imekuwa sumu? Baada ya kuniona nimeanza kuchoka?"

"Nimeona kwa macho yangu, Pendo. Kwenye darubini."

"Umeona nini? Mtoto wangu?"

Martina alijaribu kueleza seli changa, swichi, mapovu mekundu. Maneno ya Dokta yalikuwa yamekaa sawasawa kule maabara. Hapa, katikati ya mbao na makapi ya sponji, yalitoka yamevunjika. Alipofika kwenye panya, Pendo alichukua mkoba wake akaondoka.

Alikaa siku nne bila kuja wala kupokea simu. Siku ya tano Martina alipakia cherehani kwenye bajaji, akapakia na vitambaa vipya ambavyo havijaingia karakana, akaenda hadi kwa Pendo, Kihonda. Aligonga. Hakuna jibu, ingawa redio ilikuwa inasikika. Akaanza kuteremsha cherehani peke yake, na ile cherehani ni ya chuma. Pendo alifungua mlango alipoona mtu wa kilo zaidi ya mia anayumba na chuma kwenye ngazi yake.

"Utaanguka, dada! Weka chini."

"Naiweka wapi?"

Pendo aliangalia cherehani, akaangalia vitambaa. "Hapa barazani," akasema hatimaye. "Penye mwanga."

Kwa hiyo Pendo akawa anashonea nyumbani, na hilo likatulia. Mengine hayakutulia. Martina alikwenda kwa Rashidi, mwenye duka la mitumba anayemuuzia viti, akamuuliza viti vipi vina dawa na vipi havina. Rashidi alidhani anatafuta kupunguziwa bei.

"Mama Glory, sponji ni sponji."

"Si sponji tu. Nyingine zimewekwa dawa ya moto."

"Basi ni nzuri! Nyumba yako haiungui."

Alikwenda ofisi moja inayohusika na ubora wa bidhaa. Safari ya kwanza aliambiwa alete maelezo kwa maandishi. Ya pili, maelezo yaambatane na majibu ya maabara. Dokta Jesca akasema majibu hayajachapishwa, yanakaguliwa na wataalamu wengine, hawezi kuyatoa kabla. Safari ya tatu yule ofisa aliyempokea mwanzo alikuwa amehamishwa, na mpya alimuuliza kwa upole kabisa, "Mama, shida yako hasa ni nini?" Martina aliichukua barua yake ya maelezo, akatoka. Alisimama juani nje ya geti nayo mkononi. Alitaka kuichana, hakuichana.

Kwenye kikao cha mafundi samani wa kata aliomba dakika tano. Alikuja na lebo nyeupe aliyoikata kwenye kiti. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake mbele ya Godlisten, ambaye alimrekebisha kama anavyorekebisha wanafunzi. Alifika vizuri hadi kwenye mafuta. Alipotaja kunenepa, sauti ikatoka nyuma:

"Mama, hiyo ni chipsi!"

Wakacheka, hata mwenyekiti. Zamani Martina angecheka nao. Safari hii alisimama palepale na lebo yake mpaka kicheko kilipoisha chenyewe, na ilichukua muda.

"Sijasema mnione huruma," akasema. "Nyinyi mnapenga kamasi ya njano kama mimi. Watoto wenu wanalalia magunia ya makapi. Nawaambia nilichoonyeshwa. Osheni mikono. Lowesheni sakafu. Ni maji tu nawaombeni, siwaombi mengine."

Akakaa. Kikao kikaendelea na mambo ya ushuru. Baadaye, watu wakitawanyika, Martina alifuatwa na fundi mmoja aitwaye Stephano, mtu wa Turiani, mrefu, asiyesema sana. Stephano alimuuliza kama sponji inaweza kuchanwa ikiwa imeloweshwa. Mke wake ndiye anayechana, alisema, chumbani, na mtoto mgongoni. Martina akamwambia hajui, lakini ni afadhali nje, na mtoto asiwepo kabisa. Stephano akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kama alibadilisha kitu au la, Martina hajapata kujua.

Pendo alijifungua mwezi wa tisa, mtoto wa kike, kilo nne na gramu mia mbili. Walimwita Magdalena, jina la bibi yake. Kina mama waliokuja kumwona walipiga vigelegele. "Kanona huyu! Tazama mapaja!" Walimpokezana, wakamfikisha kwa Martina. Alimpakata. Alikuwa mzito, wa moto, mzuri. Pendo alikuwa anamtazama kutoka kitandani, na Martina aliona swali lilelile lililokuwa kichwani mwake likiwa machoni mwa mwenzake. Watoto wengi huzaliwa na kilo nne, na wengi wao hawana neno. Alimbusu kichwani akamrudisha kwa mama yake.

Sasa ni mwaka wa pili tangu siku ile ya darubini. Karakana inapigwa deki asubuhi na jioni, na pipa la maji lenye bomba limewekwa mlangoni. Martina amepungua kilo mbili, zikarudi, ikapungua moja. Dokta Jesca alimpigia simu mwezi uliopita kumwambia utafiti umechapishwa, kwa Kiingereza, na kwamba anaomba wafadhili hela nyingine za kuendelea, safari hii apime watu. Akamuuliza kama atakubali kutoa damu. Martina akasema atafikiri. Kesho yake akampigia, akakubali, na akamwambia waziwazi kwamba bado ana hasira.

Wiki iliyopita mteja alimletea makochi matano ya kujaza upya. Aliibonyeza sponji mpya kwa kidole, akakunja uso.

"Fundi, nilitaka ile ya mtumba. Ngumu. Ulimwekea dada yangu, mpaka leo haijabonyea."

"Siuzi tena hiyo."

"Kwa nini?"

Martina alimweleza, kwa ufupi, maana sasa amejifunza kufupisha. Mteja alisikiliza hadi mwisho. Akamtazama toka juu hadi chini, kwa namna ambayo Martina anaifahamu vizuri, akasema atafikiria, akaondoka na makochi yake. Jioni ile alimwona akipakua makochi yake matano kwenye karakana ya jirani, ng'ambo ya barabara, na fundi wa kule akimwonyesha kiti cha ofisi kilichogeuzwa miguu juu. Martina alisimama akaangalia mpaka kochi la mwisho likaingia ndani. Kisha akavuka barabara. Hakuwa na la kumwambia mteja. Alikwenda kumwambia fundi yule, kwa mara ya tatu, asiruhusu watu wake kula humo ndani bila kunawa.